Sekunde za Velma

Ilimchukua Mwalimu Aron Kipkosgei karibu mwaka mzima kukubali kwamba kasi ya Velma ilikuwa imefika mwisho. Msichana hakuwa ameumia. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na mimba, wala hakukuwa na kijana wa bodaboda aliyemzungusha kichwa kama walimu wenzake walivyonong'ona. Alikula vizuri, akalala mapema, akafika mazoezini kabla ya mtu mwingine yeyote. Ila tu miguu iliyokuwa ikipunguza sekunde mwezi baada ya mwezi ilifika mahali ikasimama, kisha, polepole, ikaanza kurudi nyuma.

Aron alifundisha somo la kilimo katika shule ya sekondari ya kutwa karibu na Kapsoit. Riadha aliichukua kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Tena mbio fupi, ambazo huku kwenye mashamba ya chai watu huzicheka. Mtoto akionyesha kwamba ana miguu, hupelekwa barabarani akimbie kilomita ishirini alfajiri, awe kama jirani yake aliyejenga nyumba ya ghorofa kwa marathoni. Mita mia ni mchezo wa watu wa kwingine.

Aron alimwona Velma siku ambayo ng'ombe wa jirani waliingia kwenye bustani ya sukumawiki ya shule. Wanafunzi wote walipiga kelele. Mmoja tu, msichana mwembamba wa kidato cha kwanza, alitoka mbio peku juu ya nyasi zilizolowa, akampita ndama aliyekuwa akitimua mbio na kumkinga kabla hajafika kwenye mitaro. Aron aliacha jembe palepale. Akauliza huyo ni nani. Akaambiwa ni mtoto wa Jerusa, mchuma chai aliyetoka upande wa ziwani, wanakaa kule kwenye nyumba za kampuni ya chai.

Alimnunulia viatu vya misumari. Akamfyekea njia ya mita mia nyuma ya maabara, akaipima kwa kamba ileile aliyotumia kupimia mashimo ya miche. Kidato cha pili, kwenye mashindano ya kanda, Velma alikimbia kwa sekunde kumi na moja nukta nane. Umri wake miaka kumi na sita. Redio ya Kikalenjin ikamtafuta Mwalimu, ikamhoji dakika tano nzima, na mkewe Tecla akairekodi sauti ile kwenye simu, akawa anaisikiliza akipika. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya ualimu, watu sokoni walimsimamisha Aron wakamsalimu kwa jina. Naye, bila kujijua, akaanza kutembea kama mtu anayesalimiwa.

Halafu ikaja kidato cha tatu, na ile kasi ikagoma. Kumi na moja nukta tisa. Kumi na mbili. Kumi na mbili nukta mbili. Aron alibadilisha mazoezi, akapunguza, akaongeza, akampandisha vilima, akamruhusu apumzike. Kumi na mbili nukta tatu.

Uongo wa kwanza aliusema mwezi wa sita, Jumamosi moja asubuhi. Wiki ile kampuni ilikuwa imeleta mashine zaidi za kuchuma chai, na Jerusa alikuwa mmoja wa wanawake walioambiwa wakae nyumbani waitwe wakihitajika. Velma alifika uwanjani macho yamevimba. Akakimbia mara moja, akainama, mikono magotini, akauliza bila kuinua kichwa, "Ni ngapi, Mwalimu?"

Saa mkononi mwa Aron ilisema kumi na mbili nukta tatu. Alimtazama mtoto yule mgongo unavyopanda na kushuka, na kabla hajafikiri mdomo ulikuwa umeshasema, "Kumi na moja nukta tisa."

Velma akainuka. Alicheka, akaruka, akamkumbatia Nelvine, msichana wa darasa lake aliyekuwa akifanya naye mazoezi na ambaye kila siku alifika mwisho mita saba nyuma yake. Akaomba kurudia. Mara ya pili akakimbia kwa furaha nyingi kiasi kwamba Aron aliamini kweli furaha ile ingezaa kasi. Aliibonyeza saa mapema kidogo, kabla kifua cha Velma hakijafika kwenye mstari, ili hata yeye asione namba ya kweli.

Basi ikawa hivyo. Kidole gumba kikazoea. Kwenye daftari la mazoezi namba zikapangwa vizuri, zikishuka taratibu kama inavyotakiwa. Mashindano yalipofika, Velma alishinda ya eneo, maana wasichana wa mbio fupi huku ni wa kuhesabu, na waamuzi waliandika nafasi tu. Kwenye kanda alitoka wa tatu. Aron akasema uwanja ulikuwa matope, na kweli mvua ya mawe ilikuwa imepiga jana yake. Velma alipotaka kujipima kwa simu ya Nelvine, akamwambia simu haziaminiki. Kila kitu kilipata sababu yake.

"Huyo mtoto bado anakimbia kama zamani?" Tecla alimuuliza jioni moja wakikamua ng'ombe.

"Kwa nini unauliza?"

"Siku hizi ukirudi kutoka mazoezi huniambii chochote."

Aron akaendelea kukamua.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Velma alikuwa amepita vizuri kuliko walivyotarajia, na mwezi wa pili ikaja barua ya kumwita chuo cha uuguzi. Aripoti mwezi wa tatu. Mchujo wa timu ya taifa ya vijana ulikuwa mwezi wa sita, Nairobi.

Jerusa alikuja shuleni mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, na barua ameiweka ndani ya Biblia isipate mkunjo. Aron alimkalisha chini ya ukuta wa stoo ya vifaa vya kilimo, mahali palipokuwa na benchi.

"Mwalimu," alisema, "mimi mambo ya mbio siyajui. Mimi najua chai. Majani nikiyaona naweza kukwambia haya ni ya leo, haya ni ya kesho. Lakini miguu ya mtu siwezi kuiona ndani. Velma anasema asiende chuo, abaki na wewe mpaka mwezi wa sita. Anasema wewe umemwandikia kumi na moja nukta saba."

Aron alikubali kwa kichwa.

"Kwa hivyo nimekuja kukuuliza wewe. Aende, ama abaki? Vile utaniambia ndivyo nitafanya."

Kulikuwa na muda hapo, mrefu wa kutosha. Aron aliukumbuka baadaye kila siku: kuku wa mpishi wakichakura kwenye mbolea, Jerusa akingoja na mikono juu ya Biblia. Angeweza kusema aende. Hakuhitaji hata kukiri. Angesema tu, mama, kazi ya uuguzi ni kitu cha hakika, mpeleke. Lakini angesemaje hivyo, na daftari linasema kumi na moja nukta saba? Na zaidi ya hayo, ndani yake bado kulikuwa na mtu yule aliyehojiwa redioni, aliyeamini kwamba Velma akikanyaga uwanja wa kisasa, akisikia watu wanashangilia, miguu itakumbuka.

"Abaki," alisema.

Jerusa akashukuru. Akampa mkono kwa mikono miwili.

Nairobi Velma alikimbia kwenye kundi la pili. Aliondoka vizuri. Hadi mita arobaini alikuwa na wenzake bega kwa bega, kisha wakamwacha, si kwa kishindo, wakamwacha tu kama watu wanaoendelea na safari yao. Alifika wa saba. Kwenye ubao mkubwa wa umeme namba ziliwaka, na mbele ya jina lake ikasimama kumi na mbili nukta sita tano.

Alimfuata Aron nyuma ya jukwaa, viatu bado viko miguuni.

"Mwalimu, mashine yao imeharibika."

Aron aliitia saa mfukoni. Alisema, "Pengine."

"Waambie waangalie tena. Mimi siwezi kukimbia kumi na mbili nukta sita. Sijawahi tangu kidato cha kwanza."

"Hawawezi kubadilisha, Velma. Wakishaandika wameandika."

Velma alimtazama. Kisha akaenda akakaa karibu na wasichana wengine, na Aron akamwona akiwauliza mmoja mmoja, nyumbani ulikuwa unakimbia ngapi, leo umepata ngapi. Alikuwa mtoto mwenye akili. Kila mmoja alimwambia tofauti ndogo, sehemu mbili au tatu za kumi za sekunde, kawaida ya saa ya mkono na ya umeme. Hakuna aliyekosa karibu sekunde nzima.

Jumamosi iliyofuata Velma alikuja uwanjani na Nelvine. Hakusalimu. Alivaa viatu, akapasha misuli moto, akaenda mwanzo wa njia. Nelvine akaja kusimama mwishoni, bega kwa bega na Mwalimu, na simu mkononi.

"Ameniambia nimpime," Nelvine alisema kwa sauti ndogo, akitazama chini.

Aron angeweza kumfukuza. Badala yake alipiga kipenga. Velma alikuja, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili Aron alimngoja mpaka kifua kikakata mstari ndipo akabonyeza.

Velma aligeuka akarudi, akachukua simu kwanza. Akasoma. Akamuuliza Mwalimu, "Yako inasema ngapi?"

Aron akafungua kiganja. "Kumi na mbili nukta nne."

"Siku zote ilikuwa hivi?"

"Si siku zote."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita, ukiwa kidato cha tatu. Siku ile ulikuja umelia."

Alitaka kuendelea. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, juu ya huruma na matumaini, na vile mtu humpenda mwanafunzi kama mtoto wake. Velma hakumpa nafasi. Alikaa kwenye nyasi akavua viatu, kimoja halafu kingine, akavigonganisha udongo utoke.

"Mama alikuja kwako akakuuliza," alisema.

Aliondoka peku kupitia lango la chini, na Nelvine akabaki amesimama asijue amfuate nani.

Aron alijikaza akaenda nyumbani kwao siku ya tatu. Jerusa alimkaribisha ndani, akampikia chai, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Vitu vingine vilikuwa vimeshafungwa kwenye magunia, kwa sababu kampuni ilikuwa inataka nyumba zake zirudishwe.

"Mwalimu," Jerusa alisema Aron alipomaliza, "kama ungekuwa umekosea, ningekusamehe saa hii, tuombe, uende. Mtu anakosea. Lakini ulikuwa unajua. Mimi nilikaa mbele yako na barua, na wewe ulikuwa unajua."

"Ni kweli, Mama Velma."

"Kunywa chai yako. Itapoa."

Akainywa.

Nafasi ya chuo ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Velma aliomba tena, akaambiwa angoje mwaka unaofuata, na mwaka uliofuata jina halikutoka. Jerusa alirudi kwao ziwani. Velma akapata kibarua Londiani, kwenye stoo ya viazi.

Na Nelvine, ambaye hakuna aliyemtazama, akaanza kuongeza kasi. Hakuna aliyejua kwa nini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza shule, anakuja mazoezini kwa mazoea tu. Alikuwa wa sekunde kumi na tatu kamili, akawa wa kumi na mbili nukta tano, na kabla ya mwaka kwisha, kwenye uwanja uleule wa Nairobi, ubao wa umeme ukamwandikia kumi na moja nukta saba mbili. Akaitwa timu ya taifa. Aron hakuwa amebadilisha chochote. Saa alikuwa amemwachia mwalimu wa hesabu.

Redio ikapiga simu tena. Mtangazaji akamuuliza siri ya mafanikio yake ni nini.

"Sijui," Aron alisema.

Mtangazaji akacheka, akadhani ni unyenyekevu. "Mwalimu, si ulimlea huyu msichana tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nikimtazama mwingine."

Sehemu hiyo haikurushwa.

Mwezi wa tatu mashindano ya shule yalifanyika Londiani, na wakati wa chakula cha mchana Aron alitembea mpaka stoo ya viazi. Velma alikuwa mlangoni, amevaa koti kubwa na buti za mpira, akitenga viazi vidogo na vikubwa. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Alimwona mapema, akafuta mikono, akamsalimu kwa heshima kama angemsalimu mwalimu yeyote.

"Habari ya Kapsoit?"

"Nzuri. Habari ya kazi?"

"Tuko."

Wakasimama. Baridi ya Londiani ilikuwa inashuka kutoka msituni.

"Nasikia Nelvine anaenda nje," Velma alisema.

"Mwezi wa nane."

"Anakimbia ngapi siku hizi?"

"Kumi na moja nukta saba."

Velma alimwangalia usoni muda, si kwa hasira, kama mtu anayekagua noti kwenye mwanga.

"Nitamuuliza mwenyewe," alisema, akageuka kumhudumia mwanamke aliyekuwa amefika na ndoo.

Aron alirudi uwanjani. Mchana ule wasichana wake wawili waliingia fainali, na alipoambiwa hakuwa amewaona wakikimbia. Muhula ulipofungwa alimwandikia mkuu wa shule kwamba angependa kubaki na kilimo peke yake. Mkuu alishangaa, akamsihi, akataja jina la Nelvine mara tatu. Mwishowe akakubali, na mazoezi ya mbio fupi shuleni yakaisha, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyeyataka.