Kipeuo cha Hasi Nne

Kesho yake wifi yangu alikuwa afanye mtihani wa hesabu wa kuingia chuo cha umeme. Mchana ule akavua miwani, akatangaza haendi.

"Nimepata sita, kitabu kinasema hasi sita. Basi, wifi. Mimi na cherehani tumetosheana."

Sisi ni mafundi nguo. Hesabu tunaziandika kwa chaki ya kukatia juu ya vipande vya kitambaa cheusi, kisha tunavikung'uta. Mwalimu hatuna. Wa zamani, nilipokuwa darasa moja na wifi, kabla sijaolewa na kaka yake, aliulizwa na wifi kipeuo cha pili cha hasi tisa. "Hakipo. Kaa chini." Sijasahau. Angesema hatujafika huko! Aliyefunga mlango asiseme ndani hakuna chumba.

Chumba kipo. Kubali namba mpya moja tu, iitwayo i, ambayo ikijizidisha yenyewe inatoa hasi moja, na kipeuo cha hasi tisa ni 3i. Cha hasi nne, 2i. Namba za kufikirika, wanaziita, kana kwamba tatu imewahi kukutwa njiani inatembea.

Swali lilikuwa √−4 × √−9. Wifi alizidisha kwanza ndani ya alama: hasi kwa hasi, chanya thelathini na sita, kipeuo, sita. Hata mimi niliona sawa.

"Labda kitabu kimekosea," nikasema.

"Kikosee kitabu, nifeli mimi?"

Sikutulia. Njia yake nikataka kuijaribu pale ambapo jibu linajulikana.

"Kipeuo cha hasi nne, kizidishe kwa chenyewe. Unapata nini?"

"Hasi nne. Si ndiyo maana ya kipeuo, wewe?"

"Haya, fanya kwa njia yako."

Akaandika. Hasi nne mara hasi nne, kumi na sita, kipeuo, nne. Akakodoa macho.

"Hasi imekwenda wapi?"

"Umeimeza."

"Mie huyu? Na sikushiba!"

Akavaa miwani. Safari hii akaanza na 2i, akazidisha kwa 3i: sita, na i mara i, hasi moja. Hasi sita.

"Kumbe unaitoa hasi kwanza, kama pini kabla ya kupiga pasi!"

Akajitungia nyingine, √−2 × √−8. Ya kwanza i√2, ya pili 2i√2. Jibu hasi nne. Hakunitazama hata kuuliza.

"Mwenye suti akija kesho," akasema, "mwambie arudi keshokutwa. Mimi sipo."