Komeo la Mtaa wa Ukingoni

Hapakuwa na bandari yenye kina kama ya Kilindo. Falme za bara, zisizo na pwani, zilipitishia hapo shaba na kahawa yao, na Mfalme wa Kilindo akikunja uso tu, masoko ya mbali yalifungwa.

Ili meli kubwa zaidi ziingie, Mfalme aliamuru Mtaa wa Ukingoni ulipuliwe kwa baruti, bahari iumeze. Waziri wa Bandari, Mbwarali, ndiye aliyetangaza kwamba wakazi wamehama kwa hiari yao. Dada yake, Mwanaidi, alikuwa amekataa kuhama. Mbwarali alijituliza kwa kujiambia kwamba huenda alitoroka.

Kisha nanga zikaanza kuleta vitu. Kila meli ilipong'oa nanga, kilipanda chombo cha nyumbani: kinu, kitanda cha mtoto, sufuria ingali na mfuniko. Mabaharia walisema wanasikia watu wakizungumza chini ya maji, taratibu, kama majirani wanaongoja chakula kiive. Asubuhi moja ukapanda mlango wa buluu.

Mjumbe wa falme za bara aliuleta barazani.

“Mtukufu Mfalme, mlango huu ni wa nani?”

“Takataka za bahari,” Mfalme alitabasamu. “Waziri wangu atakueleza.”

Mbwarali aliusogelea. Upande wa ndani ulikuwa umekwaruzwa kwa kucha. Upande wa nje palikuwa na komeo jipya, limefungwa.

“Ni mlango wa dada yangu,” alisema. “Komeo hili halikuwapo. Nani alilipigilia?”

“Waziri amechoka. Mtoeni.”

Askari aliyemshika mkono alimwinamia sikioni. “Tuliambiwa hamna mtu, mzee,” alinong'ona.

“Hamkusikia kitu?”

“Tulisikia.”

Akamwachia. Habari ikazagaa mjini kabla ya adhuhuri. Makuli wakaweka mizigo chini, na hakuna baharia aliyekubali kutia nanga juu ya watu waliofungiwa humo. Meli zilizokuja kuchukua shehena ya bara zikageuza.

Mfalme, kwa hasira, ili kuonyesha hakuna cha kuogopa, alipanda jahazi lake lililofungwa gatini, akaishusha nanga kwa mkono wake mwenyewe. Kamba ya nanga ilishuka, ikatulia. Halafu ikaanza kuvutwa kutoka chini, pima kwa pima, na jahazi likainama.

“Ikateni!” alipiga kelele. “Mbwarali! Ikate!”

Shoka lilikuwa miguuni pa Mbwarali, aliyesimama ukingoni mwa gati. Gati zima lilimtazama. Alisikia, chini kabisa, sauti aliyoijua ikimwita kwa jina la utotoni, akavua kofia, akabaki pale mpaka maji yalipomfunika Mfalme na kutulia.