Bia za Jina la Bendi

Jumapili hiyo Chepngeno alitoka kanisani akapitiliza moja kwa moja hadi baa ya Muturi, pale Chepseon, kabla hasira haijampoa. Jana yake yeye na bendi yake walikuwa wameimba hapo mpaka sauti ikamkauka. Walipatana shilingi elfu tatu. Muturi alimpa elfu moja.

Alimkuta akipanga kreti nyuma ya kaunta.

"Mzee Muturi, pesa yetu imebaki wapi?"

"Kaa kwanza, mama. Kunywa chai."

"Sikukuja kunywa chai."

Alikuwa na mengi ya kusema, ameyapanga wakati wa mahubiri: angekwenda kwa chifu, angewaonya wanamuziki wote hadi Bomet wasikanyage hapa. Lakini Muturi hakufoka. Alifuta mikono taratibu.

"Hiyo ingine ilikunywewa," akasema. "Aron aliniambia niwape bia watu wa kiwanda, meza mbili mzima. Akasema bendi italipa."

Chepngeno aliketi. Aron alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na ndiye mpiga gita wake. Alizikumbuka meza hizo mbili, zilivyoshangilia kila wimbo, na yeye kule jukwaani akifurahi akidhani wameupenda muziki.

"Na ukampa bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza aje? Ulikuwa unaimba."

"Ungengoja wimbo uishe. Mimi ndiye tulipatana na wewe, si Aron."

Muturi alitazama barabarani.

"Hapo umesema ukweli," akakiri mwishowe. "Basi hasara tugawane. Nitaongeza elfu moja. Hiyo ingine uulize ndugu yako. Na hapa kwangu, hakuna mtu atapewa kitu kwa jina ya bendi kama si wewe umesema."

Chepngeno alifikiri kidogo, kisha akampa mkono. Ndipo akaikubali ile chai.

Aron alikuwa nyumbani akimkatia ng'ombe majani. Alipomwona dada yake na uso ule, aliweka panga chini bila kuulizwa.

"Walinicheka nilipoacha kazi ya kiwanda," akasema. "Kila nikipita, wananiuliza kama gita inapikwa. Jana nilitaka waone inalipa."

"Inalipa, Aron. Ililipa, ukawapa wao wakanywa."

Aron aliinamisha kichwa. Chepngeno alitaka kumkaripia zaidi, lakini akajizuia. Yeye pia alikuwa amevisikia vicheko hivyo, akavipita kama havimhusu.

Jioni hiyo wenzao watatu wa bendi walipata haki yao, mia sita kila mmoja. Aron hakupata kitu. Chepngeno alibaki na mia mbili, na mbele ya wote akamwambia kaka yake zilizopungua atazilipa yeye, kidogo kidogo.

"Nitalipa," Aron alisema.

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama Jumamosi bado wanamhitaji kule Kapkatet watakakoimba.

"Kwani nani mwingine atapiga gita?" Chepngeno akamjibu, akaingia ndani kuwasha moto.