Desibeli Ishirini Kwenye Benchi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kazini mnarani, nimevaa gauni la kulalia na kofia ya usalama, na hakuna aliyeshangaa.

Kazi yangu ni kuangalia dishi linalorusha mawasiliano ya simu kutoka kilima chetu hadi kilima cha ng'ambo, kwenye kituo cha afya. Mwanangu Nakundwa yuko huko, anasubiri kujifungua mtoto wake wa kwanza. Siku ya pili leo hapokei simu zangu. Anasema namfokea. Mimi sifoki, naongea nisikike.

Nguvu ya kurusha nilikuwa nimeiweka juu kabisa na kuifunga hapohapo, isishuke. Mafundi wengi tunafanya hivyo ili tusisumbuliwe.

Nampigia Nakundwa. Dishi la ng'ambo linageuka. Limejifunika khanga masikioni.

"Mama Nakundwa, mbona unanipigia makelele? Anga jeupe, hata wingu hakuna."

"Nataka nisikike."

"Ndiyo maana husikiki. Umenijaza masikio mpaka sitofautishi neno na neno. Na jirani zangu wa kilima cha tatu wamelalamika, maongezi yako yanaingia mpaka chumbani kwao."

Nafungua mtambo. Ndani hakuna waya hata mmoja. Kuna benchi refu kama la hospitali, na desibeli ishirini, vile vipimo vya nguvu ya kurusha, sasa ni kinamama wafupi wenye vilemba, wamesimama wanapayuka kwa pamoja.

"Kaeni," nawaambia.

"Si wewe uliyetuamuru tusimame?" anasema mkubwa wao. "Tangu mwezi wa tatu. Tazama miguu ilivyovimba."

"Nilikosea. Kaeni."

Wanakaa mmoja mmoja. Kila anapokaa mmoja, dishi la ng'ambo linateremsha khanga kidogo. Walipobaki wanne wamesimama, likasema, "Hapo hapo. Ngoja nikuitie binti."

"Mama?" Ni Nakundwa.

Kabla sijajibu, mvua inapanda bonde imevaa buti. Inaweka kigoda katikati ya vilima viwili na kukaa juu ya maongezi yetu. Sauti ya mwanangu inakuwa nyembamba kama uzi.

"Simameni wote," nawaambia desibeli.

"Wote wa nini?" linauliza dishi. "Mimi ndiye ninayesikia. Nitakwambia kinachopungua, wewe ongeza hicho tu. Mmoja."

Nasimamisha mmoja.

"Mmoja tena. Bado. Mmoja."

Maishani mwangu sijawahi kufanya jambo kidogo kidogo. Hata uji nakunywa kwa mkupuo mmoja. Lakini nasimamisha mmoja, nasubiri jibu, nasimamisha mwingine.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Inauma."

"Najua. Pumua."

"Usikate."

"Sikati. Pumua, mwanangu."

Mvua inatusikiliza mpaka inachoka. Inakunja kigoda chake. "Nyie hamna ugomvi," inasema, na kushuka zake. Dishi linaanza kukunja uso, nami nawakalisha desibeli mmoja mmoja kabla halijanung'unika. Wanabaki walewale wanne.

Ndipo mtoto akalia. Sikuongeza hata desibeli mmoja, na kilio nikakisikia chote, mwanzo mpaka mwisho. Wale kumi na sita kwenye benchi wakavua vilemba wakapangusa macho.

Niliamka kumekucha. Simu ilikuwa chini ya mto, ya moto kama kiazi. Ikaita mkononi mwangu.

"Mama, ni wa kike," alisema Nakundwa. "Kilo tatu na nusu. Ahsante kwa kukaa nami."

"Kukaa nawe wapi? Mimi nilikuwa nimelala."

"Acha utani, mama. Mvua yote ile ulikuwa na mimi kwenye simu. Na kwa mara ya kwanza hukunifokea. Nesi aliniuliza huyu ni mama yako kweli."

Nilimwambia alale. Kisha nikafungua orodha ya simu. Aliyepiga ni mimi. Maongezi yalidumu saa moja na dakika kumi na mbili.