Mbuzi Mwekundu wa Mama Faysa

Miaka kumi na tano Fosiya, Mama Faysa kwa majirani, amefuga mbuzi hapa Kitengela, na kila kikohozi zizini alikitibu kwa sindano ya penisilini. Mbuzi wake mwekundu alipokohoa, alimdunga siku tatu. Alipomwona anakula tena, akampeleka kwa jirani yake Muthoki, ambaye mbuzi wake wanne hawakuwa na maziwa, amkamue ili mjukuu wa Muthoki apate ya kunywa. Kwao Fosiya, mwenye mbuzi wa maziwa hamnyimi jirani mwenye mtoto.

Mwezi haukuisha, mbuzi waliobaki zizini wakaanza kuanguka. Daktari wa mifugo alikuja kutoka Kajiado, akapasua mmoja, akamwonyesha pafu lililogandana na mbavu.

"Mama, penisilini huua bakteria kwa kubomoa ukuta wake," alisema. "Bakteria wa homa hii ya mapafu hana ukuta. Umekuwa ukidunga bure. Hata mbuzi anayeonekana amepona anaweza kuwaambukiza wengine. Kuna mtu umempa mbuzi?"

Fosiya aligeuka kutazama langoni. Muthoki alikuwa amefika, ameshika kamba ya yule mwekundu, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mama Faysa, wangu wote wanne wamekwisha," alisema. "Wako bado ni mzima. Nimekimbia nikurudishie kabla ugonjwa wa kwangu haujamshika. Ulinitendea wema, sitaki kukulipa kwa hasara."

Fosiya alipokea kamba. Mbuzi alisimama katikati yao, akakohoa mara moja, na Muthoki akaomba msamaha.