Shukrani za Veneranda

Veneranda wa Katubuka hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, wala hakuwahi kumtamani mume wa mtu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alishukuru kupita kiasi.

Kanisani kwao, kabla ya mahubiri, Mchungaji Filemoni huuliza kama kuna mwenye shukrani au ushuhuda. Watu wengine husimama, wakasema Bwana asifiwe, wakamshukuru Mungu kwa safari njema ya Kasulu, wakaketi. Lakini akisimama Veneranda, mpiga kinanda alijua ana nafasi ya kutoka nje, kujisaidia na kurudi bila haraka. Kwa mama yule, neema isiyo na maelezo haikuwa neema. Kama Mungu amemponya tumbo, kanisa lilikuwa na haki ya kujua tumbo lilifanya nini. Na kila shukrani, iwe ya samaki wake wa migebuka waliouzika vizuri sokoni au ya bati lililoacha kuvuja, mwisho wake ilifika palepale: kwa binti yake, Yusta.

Sasa tusimwonee. Alikuwa na sababu. Yusta alizaliwa njiti, mimba ikiwa na miezi saba, na baba yake, Leonardi, alikuwa ameshazikwa. Waliokuja kumwona mtoto walisema pole badala ya hongera. Ndipo Veneranda, palepale juu ya kitanda cha hospitali, akamwekea Mungu nadhiri: "Ukiniachia huyu, siku atakapobatizwa nitasimama mbele za watu nikushukuru."

Kanisa lao halibatizi watoto wachanga. Mtu hungoja mpaka aamue mwenyewe, akapata mafundisho, ndipo akazamishwa ziwani. Kwa hiyo nadhiri ilikuwa na safari ndefu, na Veneranda hakuumbiwa kungoja. Akaanza kuitimiza kidogo kidogo kabla ya siku yake.

Ndiyo maana kanisa zima lilijua kwamba Yusta alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Lilijua habari za chawa. Alipovunja ungo, Jumapili iliyofuata mama yake alisimama akamshukuru Mungu kwa kumvusha binti yake, "sasa na yeye ni mwanamke kama sisi." Vijana wa kwaya wakaangalia dari kwa pamoja, utadhani wameamriwa. Yusta alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Sasa kosa ni lipi?" Veneranda aliuliza walipofika nyumbani. "Nimekutukana?"

"Umenianika, mama. Kama dagaa mwaloni."

"Nimemshukuru Mungu kwa ajili yako!"

"Ungemshukuru chumbani."

Kilichowatenganisha kabisa kilikuja Yusta alipomaliza kidato cha nne. Veneranda alikuta kwenye simu ya bintiye ujumbe wa kijana, maneno matamu matamu ya watoto wa siku hizi. Hakumuuliza mtu. Jumapili akasimama, akamshukuru Mungu kwa kufichua hila za yule mwovu, na kwa hekima yake yote hakutaja jina. Alisema tu "mpiga gitaa fulani." Jamani! Kanisa lilikuwa na mpiga gitaa mmoja. Bariki wa watu akahama na gitaa lake, na wiki ileile Yusta akafunga begi akaenda Simbo kwa shangazi yake Catherine, dada wa marehemu Leonardi, akasaidie shughuli ya mawese.

Mwaka ukakaribia kwisha. Kutoka Simbo yalikuja mawese kwenye dumu, na salamu kupitia kwa yeyote aliyepita njia. Yusta mwenyewe hakuja. Veneranda alipika kwa mawese yale akilia, na kwa mara ya kwanza hakulipeleka jambo hilo kanisani. Angesema nini? Bwana asifiwe, mtoto amenikimbia?

Basi siku moja, yuko kwenye meza yake ya samaki pamoja na Mwanaima, jirani yake wa biashara anayekaa Ujiji, akasikia nyuma yake, "Shikamoo, mama."

Akageuka. Yusta huyo, amesimama, vidole vyekundu kwa mawese. Moyo wa Veneranda ulimwambia aruke meza amkumbatie. Mdomo wake ukasema, "Marahaba. Umekonda." Na hakuwa amekonda hata kidogo.

"Nimemaliza mafundisho, mama. Mwezi ujao tunabatizwa, Ujiji. Sisi wa Simbo na ninyi wa Katubuka pamoja."

Veneranda akatupa kisu, akapiga kigelegele mpaka wateja wa meza ya nne wakageuka. Alikuwa ameshaanza kupanga atavaa kitenge gani, Yusta alipomshika mkono.

"Nina ombi moja. Usisimame kusema."

"Nisisimame wapi?"

"Siku hiyo. Ukisimama kunisema, natoka majini naondoka. Na ubatizo basi."

"Yusta, mimi nina nadhiri! Unaijua."

"Naijua, kila mtu anaijua. Nadhiri ni yako, mama, lakini anayesemwa ni mimi." Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha. Mwanaima aliinama akawa anawaosha samaki aliokwisha kuwaosha.

Tangu siku hiyo Veneranda hakupata usingizi wa maana. Wengine walidhani ni ubishi tu, kwamba mama yule anataka jukwaa lake. La hasha. Alikuwa anaogopa. Moyoni mwake aliamini kwamba mtoto yule alikuwa anaishi kwa sababu ya ile nadhiri. Sasa aivunje siku ileile, mtoto akiwa anazamishwa ndani ya maji? Aliyetoa si anaweza kuchukua? Akilini alimwona Yusta anashuka ziwani na hapandi. Akinena, anampoteza mtoto, na akinyamaza, anampoteza pia.

Akaenda kwa Mchungaji Filemoni. Mchungaji alijikuna kidevu, akasema nadhiri si ya kuchezea, kisha akasema pia si vizuri kumkwaza kijana anayemjia Bwana, kisha akasema, "Tuombe." Ndivyo wachungaji wanavyosema wakikosa jibu.

Akamuuliza Mwanaima.

"Mimi mambo ya kanisani kwenu siyajui," Mwanaima alisema. "Ila ningekuwa Yusta, nisingeishia Simbo. Ningevuka ziwa nikahamia Kongo."

Veneranda akamnunia mpaka adhuhuri. Zaidi ya Yusta, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mchana akamega ugali wake, akatafuna polepole, akauliza bila kumtazama, "Kwani ni vibaya kiasi hicho?"

"Ni vibaya, dada yangu."

Alirudi nyumbani akapiga magoti. Aliyezoea kumpa Mungu maelezo marefu, safari hiyo aliomba maneno machache: "Unaijua nadhiri, na unamjua mtoto. Mimi nimeshindwa. Usimchukue."

Siku ikafika. Asubuhi Ujiji palijaa. Kwaya zote mbili zilikuwa mchangani, kinanda kimefungwa kwenye betri, wavuvi wameacha nyavu zao wanaangalia, watoto wa mtaani wamekaa mstari wa mbele kuliko wazee wa kanisa. Wabatizwa walikuwa kwenye majoho meupe, wakitetemeka kwa baridi ya ziwa na kwa hofu pia. Veneranda aliketi karibu na wifi yake Catherine, ameuma pindo la kitenge. Alikuwa ameliuma tangu nyumbani.

Utaratibu wao ni kwamba kila mbatizwa, kabla ya kuingia kina, anasimama miguu ikiwa majini na kutoa ushuhuda wake. Binti mmoja, Happiness, alisema maneno mawili akalia. Kijana aliyemfuata alisahau yote. Kisha akaja Yusta.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Ameen!"

"Naitwa Yusta, binti wa Leonardi na Veneranda. Mengi yangu mnayajua." Watu wakacheka. "Hata yale msiyotakiwa kuyajua." Wakacheka zaidi. Veneranda alijifunika uso.

"Lakini kuna jambo moja mama hajawahi kuwaambia. Mimi mwenyewe nimelisikia mwaka huu, kwa shangazi, tukichemsha mawese. Nilipozaliwa, mama aliambiwa anikalishe kifuani, ngozi kwa ngozi, nisipoe. Shangazi alikuja wapokezane zamu. Mama akakataa. Akasema akinitua nitakufa. Wiki kwa wiki alilala ameketi, akala ameketi. Kuoga hakuoga. Shangazi anasema mama alikuwa ananuka kama beberu."

"Kweli kabisa!" Catherine aliitikia kwa nguvu.

"Na haja ndogo..."

"We Yusta!" Veneranda alipiga ukelele kabla hajajua amefungua mdomo.

"...haja ndogo alikuwa anajisaidia kwenye kopo la maziwa, palepale kitandani, shangazi amemshikia."

Ufukwe wote ulilipuka. Mchungaji alicheka, wavuvi walicheka wakapigana mabega, mpiga kinanda alilalia kinanda chake kikatoa mlio. Veneranda alitafuta pa kujificha, na mchanga wa Ujiji hauna pa kujificha. Joto lilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Kopo! Mbele ya watu wote hawa, na kesho atauza samaki kwa nani? Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema. Kumbe ndivyo inavyokuwa, aliwaza. Kumbe mwanangu amekuwa akikaa hivi, kwenye benchi lile, Jumapili kwa Jumapili, tangu mtoto. Machozi yakamjia, na hayakuwa ya kopo.

Yusta alingoja kicheko kiishe. Alipoendelea, sauti yake haikuwa imara tena.

"Mama amewaambia mara nyingi kwamba Mungu aliniokoa. Ni kweli, aliniokoa. Ila mama hakuwaambia Mungu alitumia kifua cha nani. Mimi namshukuru Mungu kwa kifua kile. Nimeamua kumfuata kwa sababu nilibebwa kabla sijajua kuomba. Bwana asifiwe."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mchungaji na mzee wa kanisa Selestini wakamshika mikono, wakaingia naye mpaka maji yakafika kiunoni. Veneranda akasimama bila kujua kwamba amesimama. Yusta akazamishwa. Maji yakajifunga juu yake, na mama yake akasahau kuvuta pumzi. Kisha kichwa kikaibuka, akikohoa, akicheka, maji yakimtiririka puani, mzima kabisa. Vigelegele vikapanda pande zote.

Na hapo Mchungaji Filemoni, labda kwa mazoea, labda kwa furaha iliyomzidi, akasema, "Mama Yusta amesimama. Una neno, mama?"

Mpiga kinanda akashusha mikono. Catherine akafumba macho. Kule majini Yusta alimtazama mama yake, joho limemgandama.

Maneno yalikuwepo, msidhani hayakuwepo. Yalijaa mdomoni, yote, tangu kile kitanda cha hospitali, na kila moja lilikuwa la kweli. Veneranda akayameza.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Ameen."

"Nashukuru."

Akaketi.

Watu walingoja. Catherine akafumbua jicho moja, akanong'ona, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mchungaji alisafisha koo, kwaya ikaanza wimbo ikiwa bado haiamini, na mbatizwa mwingine akaitwa. Yusta alipanda mchangani akaja moja kwa moja, akaketi chini karibu na mama yake, maji yakichuruzika kwenye kitenge kizuri cha watu. Veneranda alimfunika kwa khanga, akamsugua mabega kama anayemkausha mtoto mdogo.

"Mama," Yusta alisema polepole, "ulitaka kusema nini pale?"

"Mengi."

"Niambie mimi."

Veneranda akaacha kusugua. "Wewe si umeyasikia yote? Nimeyasema miaka nenda miaka rudi."

"Umewaambia wao. Mimi nilikuwa nasikia tu, nimekaa benchi la nyuma. Hujawahi kuniambia mimi."

Veneranda akautafuta mwanzo, na kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anasikiliza, ikawa vigumu kidogo kuupata. Kisha akamsogeza binti yake karibu, akainamisha kichwa mpaka mdomo ukafika sikioni mwake, akaanza.