Choo Kisicho na Kuta

Kwa miaka kumi na mitano Regis Dombrosky alimfukuzia mama mkwe wake jikoni kila timu ya Pittsburgh ilipocheza. Kosa la Bi Philomena? Siku moja aliingia sebuleni na sahani ya soseji, na wapinzani wakafunga papo hapo.

"Mkosi una miguu," Regis alitangaza, "na leo umevaa ndara."

Februari 2006 timu ikafika Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, taji ambalo mji ulikuwa umelililia miaka ishirini na sita. Sebule ilijaa taulo za njano za mashabiki. Timu ikiwa nyuma kwa pointi tatu bila, bia zilimzidi Regis, akateremka mbio kwenye choo cha chini ya nyumba, kile kisicho na kuta, kando ya mashine ya kufulia. Hata zipu hajafunga, nyumba ikatikisika kwa shangwe.

Akapanda ngazi mbiombio. Mkewe, Darlene, akauziba mlango.

"Wapi wewe? Umetoka tu, tumefunga! Rudi chooni!"

"Darlene, mke wangu, miaka ishirini na sita naingoja hii!"

"Sheria yako hiyo. Mchimba kisima huingia mwenyewe."

Akakaa kwenye choo mpaka mwisho, akiifuata fainali kwa vishindo vya dari.

Walishinda. Aliyemteremkia kwanza alikuwa Bi Philomena, taulo ya Regis shingoni, akitoka kwenye kiti cha Regis, na sahani ya soseji zilizopoa mkononi.

"Hongera, mkwe wangu. Mwakani nitakutundikia pazia."